Siku Moja ya Asakusa

Mara ya saba Kalekye aliposimulia siku yake ya Asakusa, kule Japani, Kanyiva alimkosoa.

Walikuwa wanawake kumi na wawili wa chama, wamekaa uani kwa Kanyiva pale Kasikeu, kila mmoja na kiondo chake mapajani. Kalekye alikuwa amefika kwenye ile taa kubwa nyekundu inayoning'inia langoni, kubwa kama tangi la maji la shule. Akasema alipopita chini ya taa alinunua biskuti za mchele, halafu ndipo akaenda kujipaka moshi kwenye chungu kikubwa cha ubani mbele ya hekalu. Kanyiva hakuinua hata macho.

"Moshi kwanza," akasema. "Biskuti ulinunua ukirudi. Na yule mzee akakukataza usile ukitembea."

Wanawake wakacheka. Kalekye naye akacheka, maana angefanya nini. Kisha mmoja akasema hebu tuone picha, na simu ikatolewa, na picha huwa na saa zake. Moshi ulikuwa saa nne na dakika tano. Biskuti zilikuwa saa nne na dakika arobaini. Na yule mzee wa kukataza, Kalekye hakuwahi kumtaja kwa mtu yeyote. Alikuwa ameona haya kukemewa mbele ya watu, kwa hivyo alimwacha nje ya hadithi yake.

Alipouliza ni nani aliyemwambia Kanyiva habari hizo, Kanyiva alijibu kwamba ni Kalekye mwenyewe, akaendelea kusuka.

Hapa lazima niwaeleze hawa wawili, la sivyo mtadhani jini huingia nyumba ya watu hivi hivi tu, bila kufunguliwa. Waliolewa na ndugu wawili. Kanyiva alikuwa mke wa Musyimi, kaka mkubwa. Kalekye aliolewa na Ben, kitinda mimba, ambaye hufanya kazi kwenye petroli stesheni huko Mtito Andei na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Milango ya nyumba zao inatazamana. Kalekye alipoletwa hakujua hata kusokota mkonge, na Kanyiva ndiye aliyemfundisha, uzi juu ya paja, mpaka ngozi ikachubuka na kuzoea. Kanyiva alikuwa na mikono, jamani. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu la kuchomwa na sufuria alipokuwa mtoto, lenye umbo la mwezi mwandamo, na mikono hiyo ilijulikana mpaka Sultan Hamud. Kulikuwa na nakshi moja, ya manyoya ya kanga wa porini, aliyorithi kwa bibi yake, ambayo hakuna mwingine aliyeiweza.

Mwaka jana ikaja barua kutoka Japani. Kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono huko Tokyo, na chama kiteue mtu mmoja, nauli imelipwa, wiki sita zimebaki. Kila mtu alimtazama Kanyiva. Lakini Kanyiva hakuwa na pasipoti, na wiki sita ni chache. Kalekye alikuwa nayo, aliipata siku zile alipotaka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, safari ikafa, pasipoti ikabaki kwenye sanduku. Mwenyekiti akasema ndege haiangalii mikono ya mtu. Basi akaandikwa Kalekye.

Kanyiva aliona wivu, tusidanganyane. Alipika, akafua, akasalimia watu, na moyoni alikuwa anachemka. Na kilichomuuma zaidi ni kile kiondo chake cha manyoya ya kanga, kazi ya miezi minane, kilichochaguliwa kuongoza vingine vyote. Kingeenda mahali ambapo yeye haendi.

Sasa, kwa kina Kanyiva kuna desturi. Kiondo hakitoki nyumbani kwenda kwa mgeni kabla mwenye kukisuka hajakitemea mate kidogo ndani, kama wazee wanavyombariki mtoto. Wanasema mate hayo ndiyo yanayoiaga kazi, kazi iende na mikono ibaki. Kalekye aliijua desturi hiyo, alifundishwa pamoja na uzi. Lakini asubuhi ya safari Kanyiva alichukua mtungi akaenda kisimani makusudi, ili asimuage mtu na asibariki kitu. Kalekye alipofika akakuta mlango wazi na kiondo kwenye msumari. Alijua imempasa asubiri. Hakusubiri, kwa kuwa aliogopa Kanyiva akirudi atakinyima, akakitungua akaenda zake.

Kisima chenyewe kimechimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, shimo la kina cha mtu, na maji huko chini. Kanyiva alikaa pale mpaka saa sita mchana, saa ambayo watu wa kwetu hawaendi mtoni. Akiwa peke yake aliinama juu ya shimo akasema kwa sauti, "Ningekuwa mimi. Hata siku moja tu."

Na huko chini, mahali maji yalipo, mwanamke akajibu, "Eee."

Aliitika polepole, kama jirani aliyeombwa chumvi. Kanyiva alichungulia akaona maji na kichwa chake mwenyewe. Akajiambia ni mwangwi. Mwangwi wa wapi unaoitikia neno ambalo mtu hakulisema? Alijaza mtungi akaenda nyumbani.

Kalekye alirudi baada ya siku tisa na zawadi kwa kila mtu. Kanyiva alipata kitambaa cha pamba chenye mawimbi ya buluu. Lakini zawadi kubwa, ambayo hakuiomba, ilikuwa hadithi. Kazi ya maonyesho Kalekye aliisema kwa maneno mawili. Siku ya mapumziko, ile siku moja aliyopelekwa kutembea Asakusa na kununua vitu, hiyo aliisimulia kila mgeni alipokuja, na wageni walikaa uani kwa Kanyiva kwa sababu ndiko kwenye kivuli. Uchochoro wa maduka madogo mia moja. Wasichana waliovaa kanzu za maua wakitembea hatua fupi fupi. Wanaume wanaovuta watu kwa mikokoteni na miguu yao kama ya punda. Na mtaa wa vyombo vya jikoni, ambako madirisha yamejaa sahani za chakula cha plastiki, samaki, wali, mayai, kinang'aa mpaka mate yanakutoka, na ukikigusa ni kigumu kama sabuni.

Kanyiva alisikiliza yote. Akilala alianza kuirudia ile siku kichwani, akimtoa Kalekye na kujiweka yeye. Alifanya hivyo kila siku mpaka asubuhi moja, mwanzo wa Desemba, hakuhitaji tena kujiweka.

Musyimi aliamka saa kumi alfajiri kwenda kuwakamua mbuzi, akamkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na leso yake ya kijani yenye michoro ya korosho. Macho yalikuwa wazi, anatabasamu, na miguu yake mitupu ilikuwa inapiga hatua pale pale sakafuni, taratibu, kama mtu anayetembea akitazama maduka. Chumba kilinuka moshi. Musyimi alimwita, hakuitika. Alimtikisa, hakuzuia wala hakugeuka. Ilipofika saa tano ya mchana akapepesa macho, akavua leso, akauliza kama kuna chai.

Ikawa hivyo kila siku. Saa kumi anaondoka, saa tano anarudi, na akiulizwa alikuwa wapi anasema Asakusa. Ben ndiye aliyetafuta kwenye simu akasema Japani wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hivyo kaka, huko anakotembea mkeo ni saa nne za asubuhi akianza, na saa kumi na moja jua likizama ndipo anaporudi. Musyimi akamwambia Ben asimwambie mtu.

Mchana Kanyiva alikuwa mtu mzima kabisa, tena mwenye furaha kuliko zamani. Aliimba akisuka. Ila hakula. Akiwekewa muthokoi wa mahindi na maharagwe alisema ameshiba, amekula huko. Siku moja alimwonyesha Musyimi meno yake kwa kucheka, na katikati ya meno kulikuwa na kitu chekundu kinachong'aa, Musyimi akakitoa kwa kucha. Kilikuwa kigumu kama sabuni. Alikitia mfukoni akatoka nje.

Aliyelitaja jini kwanza alikuwa Isnino, mwenye duka la vitambaa na ubani pale sokoni. Kanyiva alikwenda kwake kununua rangi ya mkonge, na Isnino akamuuliza anafukiza ubani gani nyumbani. Kanyiva akasema hafukizi chochote. Isnino aliuza ubani maisha yake yote na anaijua kila aina kwa pua, na huu hakuwahi kuunusa. Alipompa paketi vidole vyao viligusana, na mkono wa Kanyiva ulikuwa baridi. Jioni ile Isnino alimtuma mtu kumwita Musyimi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mkewe hatembei peke yake, kuna aliyemshika.

Kalekye alikuwa ameshaona. Baada ya ile siku ya kukosolewa alianza kuzikagua picha zake, na kwenye umati, nyuma kabisa ya taa nyekundu, akaona korosho za kijani. Akakuza picha. Ilikuwa leso ya Kanyiva. Kesho yake alipotazama ile leso ilikuwa imesogea, iko kwenye moshi wa hekalu, na kesho kutwa iko nyuma ya bega lake mwenyewe. Pembeni yake kila mara alikuwapo mwanamke mwingine, amemshika Kanyiva mkono, na uso wa mwanamke huyo kila mara ulikuwa umefichwa na kitu, nguzo, mwavuli, kichwa cha mpita njia.

Na unafikiri Kalekye aliogopa? Alikasirika. Maisha yake yote alikuwa mke mdogo, mwanafunzi wa mtu, na amepata siku moja tu duniani ambayo ni yake, na hata hiyo Kanyiva anaitaka. Hasira hiyo ndiyo iliyomfanya asiseme. Hofu ilikuja baadaye, alipotaka kukumbuka ladha ya zile biskuti akakuta hakuna kitu mdomoni, na kwamba anajua alikula kwa sababu tu picha inasema hivyo.

Kulikuwa na sehemu moja ya siku ile ambayo hakuisimulia mtu hata mara moja. Mwisho wa mtaa wa vyombo, kwenye kona, kuna kiduka cha vikapu vya mianzi, na mwenyewe ni ajuza mwembamba aliyekuwa amekinunua kile kiondo cha manyoya ya kanga kwenye maonyesho siku iliyotangulia. Kila kiondo kilitakiwa kiwe na jina la msukaji. Kwenye hicho Kalekye aliandika Kalekye. Wala hakupanga, kalamu ilikuwa mkononi na hakuna mtu wa Kasikeu aliyekuwa karibu. Ajuza alimtambua, akamshika mikono yote miwili, akaiinamia, akalia, akasema kupitia kwa mwongoza wageni kwamba amesuka miaka sitini na hajaona mikono kama hii. Mwongoza wageni akapiga picha. Hiyo ndiyo siku yenyewe ya Kalekye. Mengine yote yalikuwa maduka.

Wiki ya mwisho ya Januari Musyimi alipeleka mbuzi sokoni, akamwomba Kalekye akae na mama Syombua, ndivyo walivyomwita Kanyiva kwa jina la bintiye. Kalekye alikaa kwenye kigoda mkabala na kitanda. Ilikuwa saa tatu, jua limeshapanda. Miguu ya Kanyiva ilikuwa inatembea sakafuni, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa anasema.

Alisema anapita mtaa wa vyombo. Alisema ana njaa na madirisha yamejaa. Alitafuna, na Kalekye akasikia meno yakikwaruza. Kisha miguu ikasimama.

"Kiondo changu kiko hapa," Kanyiva akasema. "Kimeandikwa Kalekye."

Macho ya Kanyiva yalikuwa yanautazama ukuta na hayamwoni. Mikono yake ikanyooka mbele, viganja chini, vikashikwa na kitu, maana vidole vilijikunja kama vinavyojikunja ndani ya mikono ya mtu mwingine, na machozi yakamtiririka.

"Susu ananishika," alisema, kama mtu amwitavyo bibi yake kwa Kikamba. "Anajua ni mimi."

Halafu, na nje ilikuwa saa nne na nusu na kuku wanachakura kwenye jua kali na bati la nyumba linalia kwa joto, Kanyiva akaanza kusema kwamba giza linaingia, kwamba wanashusha milango ya maduka mmoja baada ya mwingine na kila mlango unapiga kelele ukishuka, kwamba wasichana wa kanzu za maua wamekwenda na watu wote wana mahali pa kwenda na wanapita bila kumtazama, na yule mama aliyemshika mkono siku zote hizi sasa anatembea mbele, anatembea upesi, amemwachilia, na anapomwita amngoje yule mama anageuka, na Kanyiva akauona kwa mara ya kwanza ule uso uliokuwa ukifichwa, akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, na kwenye kile chumba chenye jua, kuta zake zikiwa zimetiwa chokaa nyeupe, Kalekye akaona kivuli kikipanda taratibu kutoka miguuni mwa Kanyiva hadi magotini hadi kifuani mpaka kikamfunika macho, na hakukuwa na kitu chochote dirishani cha kukitia kivuli hicho.

Saa tano ikafika. Kanyiva hakurudi. Saa sita hakurudi, wala jioni, wala kesho yake. Aliketi vile vile, baridi, anapumua kidogo sana, na nyumba nzima ikinuka moshi.

Musyimi alikwenda Ikutha, ng'ambo huko Kitui, akamleta Kaveke. Ni mama mzee mwenye kofia ya sufu, mnunuzi wa mbuzi, ambaye kazi hii nyingine, ya kusema na majini, haitangazi. Aliomba kiti chenye mgongo kwa sababu ya magoti. Aliagiza chama kiitwe chote, akawaketisha wanawake ukutani, akagonga ngoma ndogo kwa vidole tu, kwa muda mrefu, mpaka kichwa cha Kanyiva kikainuka. Majini ya Ukambani huulizwa yanataka nini, ndiyo desturi, na mara nyingi hutaka kitu kidogo, shuka, shanga, kofia. Kaveke akauliza.

Jini lilijibu kwa mdomo wa Kanyiva, kwa Kikamba cha zamani, bila haraka. Likasema halitaki kitu. Liliombwa siku moja, likatoa siku moja.

"Mrudishe," Kaveke akasema.

"Kuja aliomba. Kurudi hakuomba."

Kaveke akauliza ni nani mwenye njia ya kurudi. Jini likasema ni mwenye siku. Basi Kaveke akageuza kiti chake akamtazama Kalekye, akamweleza, na kila mtu mle ndani alisikia. Aisimulie siku ile upya, tangu asubuhi hadi kwenye lango la boma hili. Safari hii asiende peke yake. Kila alipokanyaga Kanyiva akanyage, kila alichokula Kanyiva ale, kila aliyemshika amshike Kanyiva. Asimruke mahali, hata pawe padogo namna gani, kwa sababu atakapomruka ndipo atakapobaki.

Jueni kwamba wiki hiyo hiyo mwenyekiti alikuwa amepata ujumbe kutoka Japani. Walimtaka Kalekye arudi Novemba. Mwenyekiti alikuwa ameketi ukutani, pochi mapajani, anasikiliza.

Kalekye akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikapata nguvu. Tulitoka hotelini, akasema, mimi na mama Syombua. Tulipita chini ya taa nyekundu. Tulijipaka moshi, yeye kichwani, mimi kifuani. Tulinunua biskuti, mzee akatukemea wote wawili. Kila alipogawa kitu moyo ulimuuma, nami simlaumu, ilikuwa kama kumkatia mtu shamba lako kipande kwa kipande, lakini aligawa, na sakafuni miguu ya Kanyiva ikaanza kutembea, na rangi ikarudi kwenye midomo yake, na Musyimi akafunika uso kwa kofia. Wakafika mtaa wa vyombo. Wakapita samaki wa plastiki, wali, mayai. Wakafika kwenye kona.

Kalekye aliuona ule mlango mdogo, na ajuza, na mikono. Akamwona mwenyekiti ukutani. Angesema tu, tukaingia, na ajuza akamshika Kanyiva mikono, kwa sababu kiondo ni chake. Maneno kumi hivi. Ngoma ya Kaveke ilikuwa inangoja.

"Tukaikata kona," Kalekye akasema, "tukaendelea."

Miguu ya Kanyiva ilijikwaa hatua moja. Mikono yake ilivutwa mbele, ikanyooka mpaka viwiko vikalia, kisha ikaanguka mapajani. Hakuna aliyejali, kwa kuwa miguu iliendelea, na Kalekye alikuwa anaenda mbio sasa, hotelini, kwenye ndege, Nairobi, wakashuka Sultan Hamud, wakapanda bodaboda, wakafika langoni.

Kanyiva akafumbua macho akaomba maji. Jioni alikula muthokoi sahani mbili, na Musyimi alikaa akimtazama akitafuna kila punje. Moshi ukaisha chumbani. Kaveke, kabla ya kuondoka, alimwita Kalekye kando akamuuliza kama amemleta mtu mzima. Kalekye akasema ndiyo, susu, mzima. Kaveke akafunga kofia yake vizuri, akasema yeye hakuwa huko, aliyekuwa huko ni Kalekye.

Asubuhi ya pili Kanyiva alichukua mkonge. Aliuweka pajani, akaweka kiganja juu yake, na kiganja hakikufanya kitu. Aliutazama. Alijaribu tena. Mikono iliweza kushika kikombe, iliweza kufagia, lakini uzi ilikuwa haiujui, na ilikuwa baridi siku nzima, na ukiinusa, mikono peke yake, ilinuka moshi. Akalia mbele ya watoto wa jirani bila kujificha.

Kalekye alijua mikono ilipo. Alifungua ile picha ya kiduka. Ajuza alikuwa ameinama, na mikono aliyoishika ilikuwa na kovu la mwezi mwandamo. Aliifuta. Kesho ilikuwapo. Aliifuta tena, halafu akaacha.

Mwezi wa tatu barua yenyewe ikaja. Mwenyekiti aliisoma mbele ya chama. Mama mwenye duka la vikapu ameomba kwamba Kalekye aketi mbele ya watu siku tatu na kuisuka ile nakshi ya manyoya, waone mikono ikifanya kazi. Wanawake wakapiga vigelegele, ingawa mmoja wawili walitazamana. Kalekye alikwenda nyumbani akajaribu mara ishirini. Manyoya yalitoka kama matope.

Ikabidi avuke ua. Alimkuta Kanyiva amekaa mlangoni, mikono ndani ya leso. Akamwomba amfundishe ile nakshi. Kanyiva hakumnyima, alijaribu kumweleza kwa maneno, akafika katikati akapotea, kwa sababu mambo hayo yalikuwa kwenye vidole, hayakuwahi kukaa kichwani.

"Kalekye," akasema kwa upole. "Siku ile naikumbuka yote ulivyonipitisha. Lakini kwenye ile kona kuna kitu. Tulisimama pale?"

Alikuwa anamtazama usoni. Hakukuwa na wivu tena ndani ya macho yake, hicho ndicho kilichokuwa kigumu kukitazama. Kalekye aliangalia chini.

"Hatukusimama," akasema.

Akachukua mtungi. Jua lilikuwa limesimama utosini alipofika mtoni, na mchanga ulikuwa unachoma miguu, na hapakuwa na mtu, kwa kuwa saa hiyo watu wa kwetu hawaendi. Aliinama juu ya kisima. Aliiona mikono yake kwenye maji, minene, isiyo na kovu, mikono ya mtu yeyote, na wivu ukamshika vibaya kuliko alivyowahi kumwonea mtu aliye hai.

"Ningekuwa na mikono yake," akasema. "Hata siku moja tu."

Upepo wa mtoni ukaleta harufu ya moshi. Huko chini, mahali maji yalipo, mwanamke akaitikia polepole, kama jirani aliyeombwa chumvi.

"Eee."